Mtoto Aandikwe Daraja Gani?

Usiku mmoja, baada ya darasa letu kwisha, alitujia mzazi mmoja wa mtaani, mtu mwema apendaye elimu, naye ameshika simu yake ambayo ndani yake pana fomu ya kuandikisha watoto katika mashindano ya hisabati. Mashindano yenyewe yamepangwa kwa madaraja: gredi ya 5 na ya 6 wana karatasi yao, na gredi ya 7 na ya 8 wana yao. Mwanawe mwaka uliopita alikuwa gredi ya 6, akakosa zawadi kwa alama chache, akalia. Mwaka huu ameingia gredi ya 7. Mzazi akatuuliza: "Sheikh, nikimwandika kuwa yungali gredi ya 6, kuna ubaya gani? Huu ni mchezo wa watoto. Hapana mali ya mtu iliyoliwa."

Waliohudhuria wakagawanyika. Mmoja akasema si neno, maadamu mtoto atafurahi. Mwengine, ambaye mwanawe ni hodari, akasema yeye amekwisha azimia kumwandika wake daraja ya juu kabisa, ili watu wajue mtoto yule ni mtoto wa nani. Tuliondoka usiku ule bila ya kukata shauri. Tumeona tuwajibu wote wawili hapa, kwani maswali yao ni mamoja ijapokuwa mmoja ataka kushuka na mwengine ataka kupanda.

Yatupasa kwanza tufahamu daraja huwekwa kwa ajili ya nini. Muuzaji sokoni huweka jiwe la mizani upande mmoja na bidhaa upande wa pili. Jiwe likiwa la uwongo, hata bidhaa ikiwa njema, uzani wote umeharibika. Daraja katika mashindano ndiyo jiwe la mizani. Mashindano ya Kangourou, yaliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1991 kwa kufuata mfano wa Australia, na ambayo sasa yafanywa katika nchi nyingi, huyaunganisha madarasa mawili mawili: la 5 na la 6 pamoja, la 7 na la 8 pamoja, na kadhalika. Huko Marekani, mashindano yaitwayo AMC, ambayo asili yake ni mwaka 1950, yana karatasi tatu. Ya kwanza ni ya mwanafunzi wa darasa la 8 au chini yake, asiyetimiza miaka 14 na nusu. Ya pili ni ya darasa la 10 au chini yake, asiyetimiza miaka 17 na nusu. Na ya tatu ni ya darasa la 12 au chini yake, asiyetimiza miaka 19 na nusu.

Utazameni mpango huu, ndugu zetu, kwani ndani yake mna hekima. Mdogo ameruhusiwa kupanda. Mkubwa hakuruhusiwa kushuka. Mlango wafunguka upande mmoja tu. Kwa nini? Kwa sababu apandaye hujitwika mzigo wake mwenyewe, na akishindwa hakumdhulumu mtu. Lakini ashukaye humtwika mwenziwe.

Basi tumjibu mzazi wa kwanza. Umesema hapana mali ya mtu iliyoliwa. Twakuuliza: zawadi ile ataitoa wapi mwanao? Yuko mtoto mwengine, wa gredi ya 6 kweli, asiyekujua wala humjui, aliyekesha na hesabu zake kama alivyokesha wako. Mwanao akisimama mahali pake, yeye atakwenda kwao akilia kama alivyolia wako, na hatajua kuwa aliyemshinda hakuwa mwenziwe. Je, machozi ya wako ni machozi, na ya mwenziwe ni maji?

Walakin lililo kubwa zaidi ni hili. Fomu utaiandika wewe peke yako, lakini uwongo hutauchukua peke yako. Itakubidi umwite mwanao, umwambie: "Ukiulizwa, sema uko gredi ya 6." Siku hiyo umemfundisha somo ambalo hapana mwalimu wa hisabati atakayeweza kulifuta: kwamba babake hakuamini kuwa yeye aweza kushinda kwa haki. Akija na kikombe mkononi, nyinyi wawili mtakitazama na kila mmoja atajua kilivyopatikana. Kikombe gani hicho cha kuwekwa kabatini?

Na lau ungalisubiri, ungaliona kuwa mpango wenyewe umekwisha mfanyia insafu. Mwaka uliopita mwanao alikuwa katika wakubwa wa karatasi yake. Mwaka huu yu katika wadogo. Mwakani, akiwa gredi ya 8, atakuwa mkubwa tena, na mizani itamwelekea yeye pasina uwongo wowote. Mwaka huu si wa kikombe. Ni mwaka wa kujifunza kukaa na waliomtangulia, na hilo nalo ni elimu.

Ama mzazi wa pili, mwenye kutaka kupandisha ili watu wajue, yeye hakuvunja sharti lolote. Kupanda ni ruhusa. Lakini si kila ruhusa ni nasaha. Katika karatasi mbili za juu za AMC maswali ni 25, muda ni dakika 75, na kila swali lina majibu matano ya kuchagua. Jibu sahihi lina alama 6, jibu la makosa halina kitu, na swali lililoachwa wazi lina alama 1 na nusu. Hesabuni wenyewe: mwenye kubahatisha maswali matano asiyoyajua hata kidogo atarajie kupata moja, yaani alama 6, na mwenye kuyaacha yote matano apata alama 7 na nusu. Waliotunga sharti hili wamempa thamani yule asemaye "sijui". Wanavyuoni wetu wa zamani hawakuona haya kulisema neno hilo mbele za watu, na heshima yao haikupungua. Lakini mtoto aliyepandishwa kwa fakhari ya mzee wake hana nafasi ya kulisema. Macho ya babake yako mgongoni mwake; atabahatisha kila swali, na atatoka amejifunza kubahatisha.

Nasi katika jambo hili hatujitoi. Miaka kadha iliyopita tulikuwa na kijana katika darasa letu la nahau, mwepesi wa kuhifadhi kuliko wenziwe. Kabla hajaimaliza Ajurrumiya, ambayo ni kitabu kifupi cha wanaoanza, tulimpeleka kwenye Alfiyya, yenye beti zipatazo elfu moja na ambayo hata watu wazima huisoma kwa taabu. Tulidhani twamtukuza; na kwa kweli tulikuwa twajitukuza sisi, kwa kuwa tulipenda kuwaambia wageni, "Huyu ni mwanafunzi wetu." Kwa miezi mitatu alikaa kimya. Kisha akaacha kuja. Hakuwa mjinga kijana yule. Wajinga tulikuwa sisi. Taksiri ile ingali yatuuma.

Huenda mtu akatwambia: mbona kuna watoto waliopandishwa wakafanikiwa? Ni kweli. Terence Tao wa Australia alishiriki Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati mwaka 1986 naye ana miaka 10, akapata medali ya shaba. Mwaka 1987 akapata ya fedha. Na mwaka 1988 akapata ya dhahabu, ilhali washindani wengi walikuwa vijana wa sekondari. Lakini angalieni: mtoto yule hakupandishwa ili ajulikane. Alipandishwa kwa kuwa hisabati ya umri wake ilikuwa imekwisha kumwelea, hata akiwa na miaka 9 alikuwa akisoma masomo ya chuo kikuu. Na mtoto wa namna hiyo kumzuia chini nako ni dhuluma. Ni kama kumkalisha mwenye njaa mbele ya sahani tupu.

Basi kipimo ni nini? Kipimo tunacho tangu zamani, katika vyuo vyetu vya pwani. Mwalimu wa chuo hamuulizi mtoto ana miaka mingapi, wala babake ni nani. Humuuliza: "Umefika wapi?" Kisha humsikiliza. Wa miaka 7 aweza kuwa mbele ya wa miaka 10, na wote wamekaa mkeka mmoja, hapana aonaye haya. Asomaye vizuri husongezwa mbele, na akosaye hurudi alipokosa, wala kurudi si fedheha.

Nanyi fanyeni hivyo. Chukueni karatasi ya mwaka uliopita ya daraja aliyomo mtoto, mkalisheni nayo kwa muda ule ule uliowekwa, pasipo msaada wala kelele. Karatasi za Kangourou zina sehemu tatu: maswali mepesi ya alama 3, ya kati ya alama 4, na mazito ya alama 5. Akishindwa na mepesi, basi afundishwe kwanza, wala asisukumwe. Akiyamaliza mepesi, akapigana na ya kati, na mazito yakamshinda mengine, hapo ndipo mahali pake, wala msimwondoe. Na akiyamaliza yote na muda umebaki, na mara ya pili kadhalika, basi mfungulieni karatasi ya juu, kama sharti laruhusu. Lakini muulizeni yeye kwanza. Akitaka, apande, asipotaka, mwacheni, kwani hisabati ni zake.

Ewe mzazi uliyetujia usiku ule, jawabu letu ni hili: andika gredi ya 7. Kisha mwite mwanao, umwonyeshe ulivyoandika, umwambie kuwa safari hii huenda asipate kitu, nawe utakuwa radhi naye vilevile. Akikosa, kaeni pamoja jioni mlitazame swali lililomshinda mpaka lifunguke. Mtoto akilifungua swali moja kwa akili yake, ameshika kitu ambacho hapana wa kumnyang'anya.

Na tawfiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.