Tuzungumzeje Habari za Rangi?

Miaka michache iliyopita tulikuwa tunapaua kanisa la mtaa wetu mmoja. Mimi na mzee wa kanisa tukaenda mjini Mwanza kununua mabati. Mwenye duka, mzee wa asili ya Kihindi, akatutajia bei, nasi tukaiona kubwa. Nikamgeukia mwenzangu nikamwambia kwa Kisukuma kwamba Wahindi ndivyo walivyo, hata nyumba ya Mungu wataikamua. Sikushusha sauti, kwa maana nilidhani lugha ile ni ukuta.

Yule mzee akamaliza kuandika, akainua macho, akanijibu kwa Kisukuma kilicho safi kuliko changu. Alisema bei imepanda huko anakonunua, na kama nataka ataniletea karatasi zake nizione. Kisha akaongeza: “Mimi nimezaliwa Magu. Ukisema ‘wao’, Mchungaji, mimi unaniweka wapi?”

Nilikuwa nimevaa kola. Nikalipa, nikaondoka bila kuomba radhi.

Ningependa habari iishie hapo, nitubu mimi peke yangu na kusiwe na mengine. Lakini mwaka uleule kijana mmoja wa usharika wetu alikuja ofisini. Ni baba wa watoto watatu, mfanyakazi wa duka jingine kabisa. Tajiri wake humwita “boi” mbele ya wateja. Jioni, wakati wa kufunga, yeye hupekuliwa mifukoni, na ndugu wa tajiri wanaouza kwenye kaunta ileile hupita bila kuguswa. Akaniuliza, “Baba Mchungaji, na hili nalo ni la kuombea tu?”

Ndugu msharika, swali lake na aibu yangu ni jambo moja. Sisi wa kando ya Ziwa tunajua njia mbili za kusema habari za rangi. Ya kwanza ni kusengenya: kila kundi mezani kwake, kwa lugha yake. Ya pili ni kunyamaza na kusema kwamba Tanzania hakuna ubaguzi. Njia zote mbili hazimsaidii yule kijana, wala hazikumtendea haki yule mzee wa mabati.

Ni kweli tumerithi jambo jema. Mwezi Oktoba 1961, Bunge lilipojadili uraia wa nchi iliyokuwa karibu kupata uhuru, walikuwapo waliotaka rangi iwe kipimo. Mwalimu Nyerere alikataa, akasema serikali yake itajiuzulu kama Bunge litaukataa msimamo huo. Jirani zetu ng’ambo ya Ziwa waliona mwisho wa njia ile nyingine mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka Uganda.

Lakini urithi mwema haufuti majeraha. Wakoloni waliwapanga watu kama bidhaa kwenye rafu: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini, kila mmoja na shule yake na mshahara wake. Hata katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Huku kwetu jeraha lilikuwa la pamba. Mkulima wa Kisukuma alipeleka mzigo wake kwa mnunuzi Mwasia, na mara nyingi aliondoka akiamini kwamba mizani imemwibia. Kwa upande wa pili, wapo wazee wa Kiasia wanaokumbuka mwaka 1971, nyumba za kupangisha zilipotaifishwa, nyingi zikiwa zao. Kila mmoja analo kaburi lake moyoni. Ndiyo maana wengine husema tusiyafukue.

Mimi nadhani jeraha lisilosemwa halikauki. Linasemewa pembeni, kama nilivyofanya mimi dukani.

Tazameni kanisa la kwanza, katika Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa chakula. Wenzao wakanung’unika. Mitume hawakuwaambia kwamba katika Kristo sote ni kitu kimoja, basi nyamazeni. Hawakuwauliza kwa nini wanaleta ukabila kanisani. Walisikiliza lalamiko lenyewe, wakaitisha mkutano, na mkutano ukachagua watu saba wa kusimamia mgawo. Someni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori na wenzao. Ni majina ya Kiyunani. Chakula kiliwekwa mikononi mwa watu ambao walalamikaji wangeweza kuwaamini.

Wakulima wa pamba walifanya jambo la namna hiyo. Waliweka wapimaji wao wenyewe penye mizani ya mnunuzi. Kisha wakajenga vyama vya ushirika, chini ya uongozi wa watu kama Paul Bomani, hata ukapatikana muungano wa ushirika wa Victoria mwaka 1955. Lalamiko la “Wahindi ni wezi” halina mwisho, maana huwezi kulipima. Lalamiko la “mizani hii imepungua” lina dawa.

Kanisa letu nalo limewahi kuzungumza habari hizi kwa uzito. Juni 1977 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam. Mkutano ule ulitamka kwamba ubaguzi wa Afrika Kusini unagusa ukiri wa imani yenyewe, na kwamba Mkristo hawezi kuuona kama jambo la siasa tu. Mkutano uleule ulimchagua kuwa rais Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, mtoto wa Ziwa hili, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mwaka 1984, makanisa mawili ya weupe kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama kwa kuwa hayakuachana na ubaguzi ule. Miaka saba ilipita kati ya neno na tendo. Mazungumzo ya kweli yana subira, lakini pia yana mwisho wa kudekeza.

Wala tusijione safi. Martin Luther mwenyewe aliandika mwaka 1543 maneno mabaya sana juu ya Wayahudi, na Walutheri wa leo wameyakataa waziwazi. Ni Luther huyohuyo aliyetufundisha katika Katekisimo Ndogo kwamba amri ya nane inatutaka kumtetea jirani na kuyapokea mambo yake kwa nia njema. Mwalimu wetu alijua amri, na ulimi wake ukaivunja. Basi na wa kwetu uangaliwe.

Nilikwenda na yule kijana kwa tajiri wake. Tulikubaliana njiani kwamba hatutasema “ninyi Wahindi”. Tutasema mambo mawili tu: jina, na upekuzi. Tajiri alikasirika mwanzoni. Alisema ameibiwa mara mbili. Tukamsikiliza mpaka akamaliza, maana kuibiwa nako ni jeraha. Kisha kijana akasema mwenyewe: “Tupekue sote au usipekue mtu. Na watoto wangu wakija dukani, wasikie jina langu.” Leo wanapekuliwa wote, na ndugu wa tajiri wamo. Anaitwa kwa jina, siku nyingi. Si siku zote. Sitawadanganya kwamba wamekuwa marafiki.

Baada ya hapo sikuwa na kisingizio tena. Nikarudi kwa mzee wa mabati, miezi mingi ikiwa imepita, nikaomba radhi. Aliagiza chai. Tulipokuwa tunakunywa akasema, “Mchungaji, nyumbani kwangu, mezani, ndugu zangu wanasema juu yenu maneno mabaya kuliko lile lako. Nami hunyamaza.” Nikamwuliza tufanyeje. Akajibu, “Wewe sema na watu wako. Mimi nitajaribu kwangu.”

Nimelishika neno lile. Ni rahisi kumkemea mtu wa rangi nyingine, na makofi utapigiwa. Ni vigumu kumkatisha shemeji yako anapocheka, au mzee wa kanisa mnapokuwa wawili tu. Lakini hapo ndipo sauti yako ina uzito, kwa kuwa wewe ni wa kwao.

Nilipokuwa natoka, alinisindikiza mpaka mlangoni na kuniaga kwa Kisukuma. Safari hii nilimjibu kwa lugha hiyohiyo, nikiwa nimemtazama usoni.