Nilikosa, Nilikosewa

Katika makanisa mengi ya kandokando ya Ziwa Viktoria, toka Mwanza mpaka Bukoba, muumini hufundishwa mapema kusema mbele za watu. Husimama, husalimu kwa jina la Bwana, kisha hueleza jinsi alivyokuwa mwovu na jinsi alivyookolewa. Tendo hilo huitwa ushuhuda. Neno hilo lina asili moja na ushahidi wa mahakamani, na moja na shahidi auawaye kwa ajili ya imani yake. Lakini shahidi wa mahakamani huulizwa lolote alilolishuhudia, lake au la mwingine. Huyu wa kanisani aghalabu huruhusiwa kusema dhidi ya nafsi yake tu. Siku akitaka kueleza alivyotendwa na kanisa lenyewe, huambiwa anasengenya, ana roho ya uchungu, analigawa kundi. Hapo ndipo linapozuka swali: mtu aliyejeruhiwa na kanisa la sheria kali, akishatoka, ana haki ya kusema? Na kusema huko humponya, au humchokonoa kidonda?

Insafu yataka wema utajwe kwanza. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliopamba moto Gahini nchini Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1930, haukuanza kama kongwa. Mwaka 1929 Dakta Joe Church, Mwingereza, na Simeoni Nsibambi, Mganda, walikutana Kampala wakasoma Maandiko na kusali pamoja. Katika zama ambazo mtawala na mtawaliwa hawakukaa meza moja, mzungu kumwungamia Mwafrika dhambi zake lilikuwa jambo kubwa. Ungamo, hapo mwanzo, liliwashusha wakubwa. Moto ule ulifika Bukoba, na miongoni mwa waliolelewa nao alikuwa Josiah Kibira, askofu aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, tangu 1977 hadi 1984.

Ila kitolewacho kwa hiari, kikizoeleka mno, hugeuka ushuru. Waliookoka wakaanza kupimana: nani amevunjika moyo kwelikweli, nani bado anaficha. Nchini Uganda kundi lililoongozwa na Yona Mondo likajitenga na ndugu zake, likishika, pamoja na mengine, kwamba aliyeokoka hafai kuishi kwa deni. Upande wa kusini wa ziwa, African Inland Mission walikuwa wameshapokea kazi ya Nassa tangu mwaka 1909. Na katika makanisa ya kiinjili yaliyochipuka Usukumani, pombe, tumbaku na ngoma vikawa alama za nje za kumtambua mwenye wokovu na asiye nao. Ajabu ni kwamba katika ardhi ileile ya Wasukuma, pale Bujora, katika miaka ya 1950 Padri David Clement aliiingiza ngoma ya Wasukuma katika sherehe ya Ekaristi, na wachezaji wa Bagika na Bagalu wakapata nafasi katika siku kuu ya Kanisa. Ngoma moja, ziwa moja, Injili moja. Huku dhambi, kule sifa. Mwenye kuyaona hayo mawili hujua kwamba si kila kilichoitwa sheria ya Mungu kilishuka kutoka mbinguni.

Sheria ya namna hiyo ina kasoro kubwa: huona kinachoonekana tu. Binti wa kwaya akipata mimba nje ya ndoa, desturi ya sharika nyingi imekuwa kumwondoa kwenye kwaya, kumfungia Meza ya Bwana, na siku ya kumrudisha kundini kumsimamisha mbele ya watu wote atubu. Aliyempa mimba, asipotajwa, huendelea kuimba besi. Hakuna tumbo linalomshitaki. Basi huadhibiwa mimba, si zinaa. Huadhibiwa kuonekana, si kutenda. Na binti akiamua kuondoka, haiachi Jumapili peke yake. Huwaacha waliomlea kiimani, mfuko wa misiba aliouchangia, na wale aliotaraji wamzike. Katika mji kama Mwanza, ambamo wengi wametoka Ukerewe, Sengerema, Geita au Magu kutafuta riziki, usharika ndio ukoo wa pili. Kutengwa nao ni kufanywa mkiwa mara mbili.

Fasihi ya ziwa hilo imeliona jambo hili zamani. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyesoma seminari ya Nyegezi kabla ya kujulikana kwa mashairi huru ya Kichomi (1974), alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, mwaka 1971. Humo baba mkali anamchapa binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti analelewa kwa woga, na woga ukiondoka hana kingine cha kumwongoza. Mwisho wake ni kujiua. Kitabu kikapigwa marufuku mashuleni. Lililowatisha watu, yaonekana, halikuwa kwamba mambo hayo yanatokea, bali kwamba yamesemwa.

Msomaji wa pwani atakuwa na hoja yake hapa, tena hoja nzito. Huku watu wamelelewa katika sitara. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha mwema hatoki nayo chumbani. Je, kuyatangaza maovu ya nyumba ya ibada si kuivua nguo nyumba ya watu? Lakini sitara ni vazi, na vazi huvishwa aliye uchi kwa ajili ya heshima yake mwenyewe. Mtu akimpiga mwenziwe kisha akamfunika kanga ili makovu yasionekane, hajamsitiri, amejisitiri yeye. Sitara ni mali ya aliyejeruhiwa. Yeye anaweza kuitoa, na akiitoa huwa ni ukarimu. Hawezi kudaiwa na yule aliyemjeruhi. Tena wahenga haohao waliosifu sitara walionya kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.

Onyo hilo si la mafumbo tu. Huko Kanungu, Uganda, wafuasi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi walizuiwa kusema kwa sehemu kubwa ya maisha yao, wakiwasiliana kwa ishara, eti wasije wakaivunja amri ikatazayo ushahidi wa uongo. Kwa kuogopa ushahidi wa uongo wakanyang'anywa hata ushahidi wa kweli; na tarehe 17 Machi 2000 mamia yao waliteketea ndani ya jengo la ibada. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wao wakiwa wamekufa kwa kufunga kula. Tume ya haki za binadamu ya Kenya ilieleza baadaye kwamba taarifa zilipelekwa mapema kwa vyombo vya usalama, navyo vikazembea. Makanisa mengi makali hayafiki huko, na ni dhuluma kuyaweka yote katika kapu moja. Lakini yote hutegemea jambo moja: aliyeumizwa asisikike, au akisikika, asisadikiwe.

Kupona basi kuna upande wake wa lugha. Kwa miaka mingi ulimi umezoezwa tamko moja, "nilikosa". Sasa unajifunza jingine, "nilikosewa". Kati ya maneno hayo mna silabi moja tu, lakini aliyelelewa katika woga huweza kuchukua miaka kuivuka. Kwanza hulisema peke yake, kisha kwa mtu mmoja amwaminiye, na pengine haendi mbali zaidi ya hapo. Hana deni la kusimama jukwaani. Kumlazimisha aseme ni kumrudisha mbele ya usharika uleule kwa jina jingine. Kadhalika msamaha hauagizwi. Unaodaiwa kabla kosa halijatajwa ni kimya kilichopewa jina zuri.

Naye asemaye ana mipaka yake. Siri alizozisikia katika maungamo ya wenzake si zake kuzitoa. Wala "nilikosewa" haliifuti "nilikosa": mtu mzima huyahitaji yote mawili, na anayebaki na la pili pekee huenda akajenga kanisa jingine kali la mtu mmoja, lenye orodha yake ya waliolaaniwa. Wapo watokao wakahamia kanisa jirani, wapo wanaoiacha dini kabisa, wapo wanaorudi kuimba palepale. Afya yao haipimwi kwa walikokwenda. Hupimwa kwa kuweza kusema lililotokea kwa kiasi chake, bila kulipunguza kwa hofu wala kulizidisha kwa hasira. Kanisa likiweza kuketi likamsikiliza mtu wa namna hiyo, bila kumkatiza kwa sala, litakuwa limerudi kwenye ungamo lile la mwanzo, la mkubwa kushuka.