Betri Mbili za Mwalimu

Ukiamka Kitale saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai, utaelewa kwa nini watu wa huko huilaumu baridi kwa kila kitu. Mji uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na oili ya injini iliyolala nje huwa nzito kama uji uliopoa. Kwa hiyo Land Rover ya Mwalimu ilipoanza kugoma asubuhi, hakuna aliyeshangaa.

Mwalimu (cheo nimemwachia, jina nimelificha) alistaafu akanunua Series III ya dizeli, ile ndefu, ili awe anateremsha viazi na kabichi Bungoma. Dalili zilikuwa zilezile kila siku: anageuza ufunguo, taa zinafifia, stata inanguruma mara mbili, kisha "tik" na kimya. Mchana akiwa Bungoma, mita 500 chini zaidi, injini ikiwa bado na joto la safari, gari liliwaka bila maneno. Ushahidi wote ukaelekea kwa baridi, na baridi ikaelekeza kidole kwa betri.

Akanunua betri mpya. Ya zamani akamuuzia jirani mwenye trekta kwa bei ya chuma chakavu. Wiki mbili gari likawaka vizuri, kisha likarudia tabia yake. Akanunua ya pili, na ile ya kwanza ikaenda kwa jirani yuleyule. Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni kwamba kila alipofunga betri mpya, alikwangua terminali kwa msasa na kukaza nati. Kilicholiponya gari kwa siku chache kilikuwa ule msasa.

Fundi wa tatu kuulizwa alisema waya. Kwenye terminali ya chanya palikuwa na unga wa kijani na buluu, ule unaoota pale mvuke wa asidi ya betri unapokutana na shaba. Akaitoa waya nyekundu, akafunga nyingine nene kama kidole gumba. Waya nyeusi aliitazama tu. Mpira wake ulikuwa laini, haujapasuka, hauna alama. Akaiacha, na Mwalimu, ambaye mfuko wake ulishachoka, hakubisha.

Mimi kosa hili silioni kama la fundi peke yake. Tumezoea kuona umeme kama maji ya bomba, unatoka kwenye betri, unaingia kwenye stata, basi. Njia ya kurudi hatuihesabu. Kumbe kila ampea iliyoingia kwenye stata ni lazima irudi kwenye betri kupitia mwili wa injini, waya ya arthi (ile nyeusi) na chasisi. Na injini ya Land Rover imekaa juu ya raba, kwa hiyo bila waya ile ya arthi haigusani vizuri na chasisi. Ukinenepesha njia ya kwenda na kuacha ya kurudi ikiwa imeoza, umeme hautasubiri. Utatafuta kichochoro.

Kichochoro kilipatikana Bungoma, siku ya soko, gari likiwa limeshapakuliwa. Mwalimu aligeuza ufunguo, stata ikazunguka kwa taabu, na moshi ukapanda kutoka chini ya dashibodi. Injini ikawaka. Akavuta kitufe cha kuzimia, hakikusogea. Ile kebo nyembamba ya chuma inayotoka dashibodi hadi kwenye pampu ya dizeli ndiyo iliyokuwa imebeba sehemu ya umeme wa stata, ikaiva nyekundu, ikaganda ndani ya ganda lake. Na dizeli ya zamani ikishawaka haihitaji umeme tena. Ingenguruma pale hadi tangi likauke. Kijana mmoja fundi alikuja mbio, akamwambia, "Mwalimu, kanyaga breki kabisa, tia gia ya nne, achia klachi." Gari likatikisika, likazimika.

Kijana huyo hakuuza kitu chochote kabla ya kupima. Aliondoa kebo iliyoungua, akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, akasema, "Sasa jaribu, Mwalimu." Mita ikaonyesha zaidi ya volti 4. Pale haifai kufika hata nusu volti. Stata ya dizeli huvuta ampea 300 au zaidi. Kwa mkondo huo, ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu unameza volti 3. Ukipima gari likiwa limetulia, waya hiyohiyo itakupa volti 12.6 nzuri kabisa na kukudanganya mchana kweupe.

Aliupasua ule mpira laini kwa kisu. Ndani, nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi, nyingine zimebaki unga. Asidi ilikuwa imepanda taratibu, uzi kwa uzi, pasipo jicho la mtu kuiona.

Akafunga waya mpya za milimita mraba 50: betri hadi chasisi, na chasisi hadi injini. Kwanza alizikwangua ncha zake, maana ziko waya za bei rahisi zinazong'aa shaba nje na ndani ni alumini. Akakwangua rangi hadi chuma cheupe kila mahali pa kufungia, akaosha terminali kwa maji ya moto na magadi, yale ya kulainishia mboga, yakatoa povu; grisi akaipaka mwisho, baada ya kukaza. Hasi aliitoa ya kwanza na kuirudisha ya mwisho, ili spana ikigusa bodi isirushe cheche. (Mwenye Land Rover ya kabla ya mwaka 1967 hivi aangalie kwanza: nyingi za hizo hufunga chanya kwenye chasisi.)

Mwalimu alirudi kupitia Webuye, Misikhu na Kamukuywa, akafika Kitale usiku. Asubuhi, kwenye baridi ileile, gari likawaka mara moja.

Zile betri alizoziuza? Moja iko kwenye trekta ya jirani. Mwalimu huisikia kila alfajiri akiwa bado kitandani: mngurumo mmoja mfupi, kisha trekta inawaka.