Pensheni: Sadaka au Haki?

Mtu akiisha kuutumikia mji miaka thelathini, akizima moto na kuzibua mitaro, kisha mji ukampa pensheni katika uzee wake, je, amepewa sadaka, au amelipwa haki yake? Hili si swali la wenye hesabu tu. Ni swali la dhamiri.

Twautazama mji wa Detroit, huko Marekani. Mwaka 1950 ulikuwa na watu zaidi ya 1,800,000. Mwaka 2013 walibaki kama 700,000. Viwanda vilikuwa vimehama, na walipa kodi wamekwenda zao, nao wastaafu wakawazidi sana wafanyakazi waliokuwa kazini. Mwezi wa Julai mwaka huo mji ukaenda mahakamani kukiri kwamba umefilisika, ukiwa na madeni yaliyokadiriwa kuwa dola bilioni 18. Mwaka 2014 watumishi wastaafu wa kawaida wakakubali kupunguziwa pensheni asilimia 4.5, na nyongeza yao ya kila mwaka ikafutwa.

Wako wasemao: "Taa za barabarani zimezimika, mji utawalipaje walioacha kazi?" Neno hilo lina uzito, maana mtoto wa leo naye ana haki zake. Walakini pensheni ni ujira uliocheleweshwa. Jasho lake limekwisha kutoka. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891, alifundisha kwamba kumnyima mfanyakazi ujira wake ni dhambi inayolilia mbingu.

Basi kosa li wapi? Li katika kuahidi bila kuweka akiba. Mwaka 2005 mji ule ulikopa dola bilioni 1.4 ili kujaza mifuko ya pensheni: deni likazibwa kwa deni. Kiongozi aahidiye hivyo hupata sifa leo, na mzigo huwaachia wazee wasio na nguvu tena na watoto wasiopiga kura. Mzigo wa Detroit ulipungua pale tu serikali ya jimbo na mashirika ya hisani yalipokubali kuubeba pamoja na wastaafu.

Ahadi ni deni, nalo deni huanza siku ya kuahidi. Nasi wenye watumishi, hata akiwa mpishi mmoja, tusiseme, "Tutamkumbuka akizeeka." Fungu lake la uzeeni tuliweke mwezi huu huu.