Aliyefika

Waingereza wana neno *proselyte*, mtu aliyehamia dini nyingine. Siku hizi neno lenyewe halisikiki sana, ila kitenzi chake kipo, nacho kina sifa mbaya: ni kuwaandama watu wa dini nyingine ili uwavute kwako. Yaani macho yamemwacha aliyehama, yakamgeukia anayemvuta.

Asili yake ni Kigiriki, *proselytos*, "aliyefika". Basi, hakuna zaidi. Wayahudi walioanza kutafsiri Torati kwa Kigiriki huko Alexandria, karne ya 3 kabla ya Kristo, walilitumia badala ya neno la Kiebrania *ger*, mgeni anayeishi kati ya wenyeji. Na hapa ndipo panaponogea: Walawi 19:34 inawaamuru Waisraeli wampende mgeni kwa kuwa nao walikuwa wageni Misri, na tafsiri ile inawaita wao wenyewe *proselytoi*. Kule Misri hawakubadili dini yoyote. Walifika tu, wakateswa.

Baadaye *ger* akawa ndiye aliyeingia Uyahudi, na likazuka swali gumu. Akisali, aweza kusema "Mungu wa baba zetu"? Baba zake si hao. Mishna inamkatalia: akiwa sinagogi aseme "baba zenu". Hebu fikiria kusimama katikati ya watu uliowachagua mwenyewe, kisha kila sala ikutenge. Karne ya 12 Maimonides alimwandikia Obadia, mmoja wa walioingia, kwamba aseme kama wengine wote, maana Abrahamu ni baba wa kila anayeifuata njia yake. Mimi niko upande wa Maimonides. Mishna hiyohiyo, kwa haki yake, inakataza kumkumbusha mtoto wa aliyeingia mambo waliyoyatenda wazee wake. (Bila shaka wakumbushaji walikuwepo; hakuna anayekataza jambo lisilotendeka.)

Sisi je? Biblia ya Kiswahili, katika Matendo 6:5, inamwita Nikolao wa Antiokia "mwongofu". Waislamu nao wana uongofu wao. Ni neno tamu, lakini kuongoka ni kunyooka, kushika njia iliyo sawa. Kwa hiyo tumeshahukumu alikotoka mtu, pamoja na mama yake aliyebaki huko. Kigiriki hakikumgusa mama.

Mimi nikiandika habari za watu hawa huandika "amehamia". Mhariri wangu hurudisha "ameongoka", na bado tunabishana.