Kwa Nini Tufurahi Akiondoka?

Pasaka kila mtu anaielewa. Aliyekufa amefufuka, kengele zinalia, kuku wanachinjwa, na hata yule tusiyemwona kanisani mwaka mzima siku hiyo kavaa shati jipya. Lakini, ndugu msomaji, siku ya arobaini ni Kupaa kwa Bwana, nami hapo huona ugumu. Tuliyempata tena anaondoka. Mwinjili Luka anaeleza kwamba wafuasi walirudi Yerusalemu na furaha kubwa. Nani anayeagana na mpendwa wake akarudi nyumbani akifurahi?

Sisi wa ufuko wa Ziwa Nyasa, huku Kihagara na vijiji vya jirani, tunakujua kuagana. Babu zetu walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, wengine migodi ya Afrika Kusini. Wapo waliorudi na baiskeli na cherehani. Wapo ambao hata makaburi yao hatuyajui. Mama aliyeachwa na watoto hakuimba aleluya. Kwa hiyo mtu akiniambia kuondoka ni baraka, namwomba aeleze kwanza: baraka kwa nani?

Hata hivyo iko habari ya kwetu inayonizuia kukataa upesi. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898. Padre akawa mwalimu, mganga na mwamuzi. Ikaja Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, Waingereza wakaishika nchi, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Kanisa lile changa lingeweza kufa. Halikufa. Makatekista, wakulima wa jembe la mkono, waliendelea kuwakusanya watu Jumapili, kufundisha watoto na kuwazika wafu. Watu waliozoea kuamriwa wakajikuta wao ndio wanaoulizwa. Sidhani hayo yangetokea padre akiwa bado amekaa barazani.

Ndiyo maana naona tunaikosea sikukuu ya Kupaa tunapoiruka tukikimbilia Pentekoste. (Huko Ujerumani Kupaa ni siku ya mapumziko kwa wote, kwetu tunapumzika Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, kisha tunarudi shambani.) Kati ya sikukuu hizo mbili kuna siku kumi ambazo Bwana hayupo na Roho bado hajashuka. Wanafunzi walifanya nini? Walisali, wakapiga kura kumpata Mathiya ashike nafasi ya Yuda. Ni kazi isiyo na mwujiza wowote, lakini waliifanya wenyewe.

Pentekoste huangukia kati ya tarehe 10 Mei na 13 Juni. Masika yanaisha, mahindi yanakauka, na ziwani upepo wa kusini unaanza. Wahubiri huusifu upepo wa siku ile kama kiburudisho. Mvuvi aliyeketi benchi la nyuma anaujua upepo: ukivuma, mitumbwi huvutwa mchangani na usipa haupatikani.

Basi baba aliyekwenda mjini, asiyeleta barua wala ada ya shule, asijifunike kwa sikukuu ya Kupaa. Bwana aliacha kazi na ahadi, na ahadi ikatimia siku ya kumi. Lakini namfikiria pia mzee wa miaka themanini ambaye hajaondoka popote. Mwanawe ana miaka hamsini na wajukuu, na bado anapiga hodi kwa baba yake kuomba ruhusa ya kuuza mbuzi.