Nukta Zisizoonekana

Hivi, ndugu msomaji, kitu ambacho jicho haliwezi kukiona kina thamani gani? Usinicheke. Hapa Mwisenge swali hili linauzwa dukani.

Kioo cha simu kimejaa nukta za rangi, ndizo pikseli. Juni 2010 Steve Jobs, akiitambulisha iPhone 4 yenye nukta 326 katika kila inchi, alidai kuwa ukiishika simu inchi 10 hadi 12 kutoka usoni, nukta zikifika kama 300 jicho haliwezi tena kuzitenganisha. Mtaalamu Raymond Soneira akabisha mwaka huohuo: kwa macho makali kabisa zinatakiwa kama 477. Wabishane. Kipimo cha kawaida cha jicho zima ni sehemu moja ya 60 ya digrii, nasi tunakijua bila vitabu. Kaa ufukweni usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa ziwani. Taa mbili zilizoachana mita moja, zikifika kama kilometa tatu na nusu, zinakuwa taa moja. Pengine hata kabla, maana mwanga mkali hutapakaa. Lakini muulize mvuvi! Yeye amelipia mbili.

Hapo ndipo ninapokwama. Shangazi yangu, mchuuzi wa dagaa, alitaka simu. Muuzaji akamsifia yenye nukta nyingi zaidi, bei juu. Shangazi akainyoosha mbali kwa mkono, akakunja uso.

"Mwanangu, hizo nukta ziko wapi?"

Anachohitaji ni miwani. Kumuuzia mtu ubora ambao macho yake hayaufikii mimi naita dhuluma, hata kama hakuna uongo uliosemwa.

Lakini mbona fundi cherehani hodari hushona vizuri hata upande wa ndani? Na sisi tunaotamani kuandika, mbona tunafuta sentensi moja mara saba, wakati msomaji angepita tu? Nadhani tofauti ni nani analipa. Fundi hujitoza usiku wake mwenyewe. Tena nguo hiyo haifumuki upesi: kisichoonekana kinafanya kazi. Nukta za ziada, kwa shangazi, zingekula betri tu.

Rafiki yangu mmoja ananibishia, eti mnunuzi ana hiari yake, na fahari nayo ni bidhaa. Sawa bwana. Ila hiari ya mtu ambaye hajawahi kupimwa macho ni hiari ya namna gani?

Shangazi alichukua ya bei nafuu. Miwani bado, chenji iliishia kwenye sare na madaftari ya binamu yangu.